Tamthilia ya Kwanza Jijini Nairobi: Ukumbi Mdogo, Jukwaa la Taifa, Tamasha ya Shule au Kitabu Teule?

Mtu anayemaliza kuandika tamthilia yake ya kwanza hapa Nairobi hujikuta na muswada mkononi na njia nne mbele yake. Anaweza kuupeleka kwenye ukumbi mdogo wenye desturi ya kulea kazi mpya. Anaweza kukusanya fedha akakodi jukwaa kubwa la Kenya National Theatre. Anaweza kuuuzia shule inayojiandaa kwa tamasha za kitaifa za drama. Au anaweza kuupeleka kwa mchapishaji, akitumaini kwamba siku moja utateuliwa kutahiniwa katika shule za upili. Njia hizi hazifanani hata kidogo katika kile zinachoufanyia muswada wenyewe, na kwa hivyo nimeona vyema kuzilinganisha kwa kigezo ambacho waandishi chipukizi hukisahau wanapohesabu viti na tiketi: mwandishi atapata nafasi ngapi za kuisikia kazi yake ikisemwa na vinywa vya watu wengine, kisha airudie kuiandika, kabla hadhira haijalipa kuitazama?

Nitangulie kukiri upendeleo wangu. Nimeketi katika vikao vya kusoma miswada ya wenzangu mara nyingi kuliko nilivyoketi katika maonyesho ya uzinduzi, na vikao hivyo ndivyo vilivyonifunza kazi hii. Msomaji na ayapime maneno yangu akilijua hilo.

Ukumbi mdogo

Nikisema ukumbi mdogo namaanisha chumba cha viti hamsini hadi mia moja na hamsini hivi, chenye taa chache, ambamo mwigizaji hahitaji kipaza sauti na mtazamaji wa safu ya nyuma anaona jasho la mwigizaji. Ndani ya Kenya Cultural Centre kwenyewe, hatua chache kutoka jukwaa kubwa, kuna chumba kinachoitwa kwa jina hilohilo, Ukumbi Mdogo. Phoenix Players, kikundi kilichoanza katika miaka ya 1980 na kufanya makao yake katika jengo la Professional Centre, Parliament Road, kilionyesha kwa takriban miongo mitatu kwamba chumba cha aina hiyo kinaweza kuwa na msimu kamili wa maonyesho na watazamaji wa kudumu, ingawa orodha yake ilielemea mno tamthilia za kigeni. Hilo la mwisho si jambo dogo. Udogo wa chumba peke yake haulei mwandishi yeyote wa hapa, na ukumbi unaokodisha nafasi kwa saa, uwe na viti vichache namna gani, ni biashara ya vyumba tu.

Ukumbi unaolea waandishi hutambulika kwa utaratibu wake kabla ya onyesho. Jambo la kwanza ni usomaji wa mezani: waigizaji watano au sita wanaketi kuzunguka meza, wanasoma muswada tangu mwanzo hadi mwisho bila kuigiza, na mwandishi anatakiwa kunyamaza. Ni saa mbili za mateso zenye faida kubwa. Nakumbuka kikao kimoja ambapo mama muuza mboga wa Eastlands, katika rasimu ya kijana mmoja stadi sana, alimpokea bintiye kwa maneno haya: “Je, mwanangu, umekwisha kurejea kutoka masomoni?” Mwigizaji aliyesoma maneno hayo alijitahidi kujizuia, akashindwa, na meza nzima ikacheka. Wiki iliyofuata mstari huo ulisomeka, “Umefika? Chai iko kwa jiko.” Hakuna aliyemfundisha kijana yule kanuni yoyote kuhusu usemi wa wahusika, sikio lake lilimtosha, lakini sikio lilihitaji kinywa cha mtu mwingine. Mwandishi wa Kiswahili wa Nairobi ana mzigo huu kuliko wenzake wanaoandika kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili alichofunzwa kuandika shuleni, Kiswahili anachozungumza ndani ya matatu na Sheng anayosikia mtaani kwake ni mambo matatu tofauti, na kuamua ni mhusika yupi atumie kipi, wakati gani, ni nusu ya kazi ya utunzi.

Baada ya meza hufuata warsha, ambapo mwelekezi na waigizaji husimama na kujaribu maonyesho magumu, huku mwandishi akirekebisha usiku ili asubuhi wajaribu tena. Hapo hugundulika kwamba mhusika hana sababu ya kuingia anapoingia, au kwamba barua inayosomwa katika onyesho la tatu inarudia yale ambayo kimya cha mama katika onyesho la pili kilikwisha kuyasema. Kisha huja usomaji wa hadharani, waigizaji wakiwa bado wameshika karatasi, na mazungumzo na hadhira baadaye. Mazungumzo haya yanahitaji msimamizi mkakamavu. Hadhira ya Nairobi ni karimu wa ushauri, na ikiachiwa uhuru itamwandikia mtunzi tamthilia mpya papo hapo: mmoja atataka msichana asife, mwingine atataka chifu aadhibiwe, wa tatu atasimulia kisa cha shangazi yake. Msimamizi anayeijua kazi yake huuliza walichokiona na walichokisikia, na pale walipochoka. Wanachokitaka hukiacha kando kwa upole.

Hata saa za jiji huingia katika uandishi. Onyesho la jioni likianza saa kumi na mbili na nusu, watazamaji wanaorudi Githurai, Kayole au Rongai huanza kuangalia simu zao saa mbili na nusu usiku ikikaribia, hasa mvua ikinyesha na nauli ikipanda. Tamthilia ya saa mbili na dakika ishirini hupoteza sehemu ya watazamaji wake kabla ya onyesho la mwisho, ambalo mara nyingi ndilo mwandishi alilolipenda zaidi. Ni nafuu kuligundua jambo hilo mezani, ukiwa na kalamu nyekundu, kuliko kuligundua siku ya uzinduzi.

Wapo wanaodhani utaratibu huu umeagizwa kutoka nje. Ni kweli kwamba ukumbi wa maigizo wa Royal Court wa London una chumba chake cha juu, chenye viti visivyofika mia moja, ambacho tangu 1969 kimekuwa mahali pa kujaribia waandishi wapya, na kwamba warsha za waandishi wa Afrika Mashariki zilizofanyika kisiwani Manda, Lamu, ziliendeshwa na taasisi ya Sundance ya Marekani. Hata hivyo mfano mkubwa zaidi tulio nao uko Limuru, mwendo wa saa moja kutoka katikati ya jiji. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, muswada wa tamthilia ya Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulisomwa mbele ya wanakijiji, wakiwemo wakulima na wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba ya chai, nao wakasahihisha lugha, nyimbo na desturi. Mazoezi yalifanywa hadharani kwa miezi kadhaa, kiasi kwamba onyesho lilipofunguliwa tarehe 2 Oktoba, sehemu ya hadhira ilikuwa imeshiriki kuiandika upya tamthilia hiyo. Serikali iliondoa kibali mwezi uliofuata, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong’o alikuwa kizuizini. Kamĩrĩĩthũ hapakuwa na ukumbi mdogo kwa maana ya viti, maana wanakijiji walijijengea uwanja wa wazi uliochukua watu wengi sana. Lakini kwa maana ya kulea muswada, hatujawahi kupata shule bora kuliko ile.

Sasa kasoro, nazo si chache. Ukumbi mdogo una fedha kidogo na mara nyingi hutegemea wafadhili, kwa hivyo msimu wa waandishi wapya unaweza kutangazwa mwaka huu na usionekane mwaka ujao. Hupenda tamthilia za wahusika wanne au watano, na mwandishi mwenye kijiji kizima kichwani hujikuta akiua majirani mmoja baada ya mwingine ili bajeti itoshe. Una tabia ya kuzungukwa na kundi lilelile la marafiki, ambao hucheka mahali palepale kila mara na kumdanganya mwandishi kwamba jiji lote litacheka. Tena uko mwepesi wa kusahau: kuna ukumbi mmoja uliokaa na muswada wangu miezi minane, kisha ukanijibu kwa barua iliyotaja jina la tamthilia ya mtu mwingine. Mwandishi anayechagua njia hii aombe tarehe zilizoandikwa: usomaji lini, warsha lini, uamuzi wa mwisho lini.

Jukwaa la Taifa

Kenya National Theatre ilifunguliwa mwaka 1952, kando ya barabara inayoitwa sasa Harry Thuku, ikitazamana na hoteli ya Norfolk, na haikujengwa kwa ajili ya waandishi wa Kiafrika. Mwaka 1976, tamthilia mbili za Kikenya zilizokuwa zikiandaliwa kupelekwa FESTAC, tamasha ya sanaa na utamaduni wa watu weusi, jijini Lagos, moja ya Ngũgĩ wa Thiong’o na Micere Mugo na nyingine ya Francis Imbuga, zilipewa siku chache tu, zilizobanwa katikati ya maonyesho ya vikundi vya wageni, na mzozo huo umebaki katika kumbukumbu za kila anayezungumzia jukwaa hilo. Mengi yamebadilika tangu hapo. Jengo lilikarabatiwa na kufunguliwa upya Septemba 2015, na leo ratiba yake imejaa kazi za Wakenya.

Kinachotolewa na jukwaa hili ni heshima ya jina, upana, taa, na hadhira ambayo haimjui mwandishi wala mama yake. Kisichotolewa ni muda. Anayekodi ukumbi mkubwa hulipia siku, na kila siku ya kujaribu taa na sauti ni siku inayolipiwa bila tiketi kuuzwa. Kwa hivyo vikundi huingia ukumbini vikiwa tayari, au vikijidai viko tayari. Muswada wenye ufa katika onyesho la pili utaingia na ufa wake na kutoka nao, ila mara hii mbele ya watu mia kadhaa. Ndiyo maana naamini jukwaa hili linazifaa zaidi kazi zilizokwisha kupikika. Mwaka 2022 Nairobi Performing Arts Studio iliiweka Ngaahika Ndeenda juu ya jukwaa hilohilo, kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza katika maonyesho tofauti, miaka arobaini na mitano baada ya kupigwa marufuku kwake. Mwelekezi wa kazi kama hiyo hana haja ya kujiuliza usiku wa uzinduzi kama tamthilia inasimama. Mwandishi wa kwanza ana haja hiyo, na ukumbi mkubwa humpa jibu bila kumpa nafasi ya kurekebisha.

Vipo vikundi vya vichekesho, Heartstrings kikiwa mfano unaojulikana zaidi, ambavyo vimejijengea watazamaji waaminifu wa wikendi. Ni shule nzuri ya mwendo na ya kusikiliza kicheko. Mwandishi anayetaka jina lake lisomwe na maneno yake yabaki kama alivyoyaandika asianzie huko, kwa sababu katika vichekesho vya namna hii mwigizaji ana uhuru mpana wa kuongeza na kupunguza. Kwa anayeandika tamthilia ya muziki, Nairobi Musical Theatre Initiative ilianzishwa mahususi kulea kazi hizo, na mengi niliyosema kuhusu warsha yanaihusu.

Tamasha za shule

Hapa kigezo changu mwenyewe kinanisuta. Tamasha za drama za shule na vyuo, zilizoanza mwaka 1959, zinaipitisha tamthilia katika ngazi baada ya ngazi, kutoka kanda ndogo hadi kaunti, kisha mkoa, kisha taifa, na katika kila ngazi majaji hutoa maoni na kikundi hurekebisha. Tamthilia inayofika fainali imeonyeshwa na kuandikwa upya mara nyingi kuliko kazi nyingi za kumbi za jiji. Waigizaji na waandishi wengi tunaowajua leo walianzia hapo, na mwandishi anayekubali kuzisafiria ngazi hizo pamoja na wanafunzi atajifunza mengi.

Tofauti iko katika sababu ya kurekebisha. Katika ukumbi mdogo mwandishi hubadilisha mstari kwa sababu haukusikika vizuri. Katika tamasha huubadilisha ili upate alama, na alama zina mipaka yake ya muda, ya dhamira na ya tahadhari. Tahadhari hiyo si ya kubuni. Mwaka 2013 tamthilia ya Butere Girls, iliyoandikwa na Cleophas Malala, ilizuiwa kuingia tamasha ya kitaifa mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru iigizwe; mwaka 2025, tamthilia nyingine ya mtunzi huyohuyo na shule hiyohiyo iliishia Nakuru kwa mtunzi kukamatwa na wasichana kuondoka bila kuigiza. Kwa mwandishi asiye na jina, mwalimu mkuu atakuwa mkali zaidi ya polisi, kwa sababu ataufuta mstari hatari miezi mitatu mapema na hakuna atakayejua kwamba uliwahi kuwapo. (Ukumbi mdogo nao haujasamehewa na sheria, kwa kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inagusa michezo ya jukwaani pia, lakini hakuna alama inayopotea pale mwandishi anapokuwa mkaidi.)

Kuna jambo la kisheria ambalo mtunzi anayeandikia shule lazima alijue kabla ya kupokea shilingi ya kwanza. Chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vingine. Maana yake ni kwamba shule ikikupa kazi ya kuandika, ikakulipa, na msipoandikiana chochote, unaweza kujikuta umeuza tamthilia yenyewe ilhali ulidhani umeuza msimu mmoja. Kifungu hichohicho kinaweza kumnasa mwandishi wa ukumbi mdogo pale ukumbi unapomwagizia kazi, lakini muswada uliouandika mwenyewe kisha ukaupeleka kulelewa unabaki wako, nao unalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka wa kifo chako. Kuusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si sharti la kuwa na haki hiyo. Ni ushahidi, na ushahidi hufaa kabla ya ugomvi.

Kitabu teule

Njia hii naipitia kwa haraka, kwani wengi wanaijua. Kiswahili ni somo la lazima katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, ambao mwaka 2023 ulifanywa na watahiniwa wapatao laki 9, na tamthilia moja ni sehemu ya fasihi yake. Kithaka wa Mberia na Timothy Arege wanajulikana nchi nzima kwa sababu hiyo. Hakuna ukumbi, mkubwa wala mdogo, utakaompa mwandishi wasomaji wa idadi hiyo. Malezi ya muswada hapa hufanywa na mhariri, naye hutumia jicho: atasahihisha sarufi, atauliza maudhui yanahusu nini, ataangalia kama mtahiniwa anaweza kuyajibia maswali. Mara nyingi kitabu huigizwa baada ya kuteuliwa, na vikundi vinavyozunguka shuleni, ambavyo haviruhusiwi kugusa maneno yatakayotahiniwa. Matokeo yake ni kwamba tamthilia nyingi za Kiswahili za nchi hii zilisomwa kimya kabla hazijasikika, na wahusika wake wengi huzungumza kama yule mama muuza mboga wa rasimu ya kwanza.

Hesabu za mfukoni

Tuchukue ukumbi wa viti 100, tiketi ya shilingi 500, na maonyesho sita katika wikendi mbili. Ukijaa kila siku, mapato ni shilingi 300,000. Ukijaa kwa asilimia 60, jambo ambalo ni bahati kwa jina jipya, ni shilingi 180,000. Toa kodi, taa, maleba na mabango. Tuseme zinabaki 100,000, zigawiwe waigizaji watano, mwelekezi, mtu wa taa na mwandishi. Kila mmoja anapata 12,500 kwa kazi ya miezi. Usiku mmoja wa ukumbi mkubwa wa viti 350 kwa tiketi ya shilingi 1,000 unaweza kuingiza 350,000, lakini kodi hulipwa kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, na watu 120 waliotawanyika katika viti 350 hucheka kwa aibu, ilhali watu 90 katika viti 100 hucheka kwa pamoja. Shule hulipa mara moja, na mara nyingi hulipa vizuri kuliko mgawo huo. Mchapishaji hulipa mrabaha, ambao kwa kitabu kisichoteuliwa hautoshi nauli.

Kwa hivyo anayehitaji ada ya mtoto muhula ujao na aandikie shule, kwa mkataba ulioandikwa unaomwachia hakimiliki. Mwalimu wa Kiswahili mwenye subira na lugha iliyosafishwa, anayetaka kufundishwa zaidi ya kuigizwa, na aende kwa mchapishaji, ila kwanza awakusanye watu sita sebuleni wamsomee muswada kwa sauti. Aliye na kikundi kinachofahamiana, mfadhili, na tamthilia ambayo imekwisha kuonyeshwa mahali pengine, na akodi jukwaa la Harry Thuku bila woga. Mwandishi wa kwanza asiye na lolote kati ya hayo, mwenye rasimu ya pili na shaka nyingi, mahali pake ni ukumbi mdogo, hata kama malipo ya msimu mzima hayatamfikisha mbali. Na kazi ikisimama hapo, Kampala ina tamasha ya kimataifa ya maigizo tangu 2014, na safari ya basi ni ya usiku mmoja.

Amebaki yule mwenye tamthilia ya wahusika thelathini, kwaya na ng’ombe. Hakuna ukumbi mdogo utakaomchukua mzima, na asikubali kuikata kazi yake ili ienee chumbani. Achague maonyesho mawili yanayomtia wasiwasi zaidi, yale ambayo huyasoma haraka anapowasomea rafiki zake, aombe jioni moja ya meza kwa hayo tu, na ng’ombe aachwe nyumbani kwa sasa.